Mkataba wa haki wa pamoja kwa vikundi vya nchi tatu: namna ya kuuandika na kuujadili mpaka usainiwe

Nimeshaitwa mara nyingi kushika kalamu kwenye vikao vya vikundi vya mpakani: wachuuzi wa Tunduma na Nakonde, wakulima wa mpunga wa Kyela na wenzao wa Karonga, madereva wa malori wanaolala njiani kati ya Mbeya na Zambia. Wengi hunifuata wakiwa na rasimu iliyokwama na swali moja: "Tumekosea wapi?"

Rasimu zenyewe hufanana kama mapacha. Dibaji kurasa mbili, haki ishirini na ushei zilizonakiliwa kutoka mikataba mikubwa, halafu mahali pa saini peupe.

Kwenye kikao kimoja katibu alisoma ibara kwa sauti: "Kila mtu ana haki ya kufanya biashara kwa uhuru na heshima." Mama mmoja muuza mchele wa Kyela akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo haki namdai nani?" Hakuna aliyemjibu. Rasimu ile ilifia pale, ingawa tuliendelea kuikalia miezi miwili mingine tukibishana kuhusu dibaji.

Mwongozo huu unafuata swali la yule mama. Ni kwa vikundi, vyama na kamati za Tanzania, Zambia na Malawi zinazotaka hati moja ya haki za msingi ambayo wanachama wa pande zote wataitambua na kuitumia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjakaa

- Katiba za nchi zote tatu. Ya Tanzania ni ya 1977 na ipo kwa Kiswahili, ya Zambia ni ya 1991 pamoja na mabadiliko ya 2016, ya Malawi ni ya 1994. Toeni kopi za sura ya haki tu. Kitabu kizima hakuna atakayekifungua.
- Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Nchi zote tatu zimeuridhia: Zambia na Tanzania mwaka 1984, Malawi mwaka 1989.
- Mkataba wa Haki za Msingi za Jamii wa SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Kama mna madereva walioajiriwa au vibarua wa mashambani, huu utawafaa kuliko yote.
- Bango kitita na makapeni ya rangi mbili. Nyeusi kwa maneno yaliyokubaliwa, nyekundu kwa yanayobishaniwa.
- Kaunta buku moja, siyo karatasi za kupachika. Karatasi hupotea, na mkibishana mwezi wa tatu kuhusu kilichoamuliwa mwezi wa kwanza, mwenye kaunta buku ndiye mwamuzi.
- Watafsiri wawili. Mmoja akichoka huanza kufupisha, na akifupisha anakuwa mjumbe bila kuchaguliwa.
- Fedha za nauli na chai. Amueni mapema nani analipia nini. Posho isiyozungumzwa mwanzoni huzungumzwa katikati ya ibara.

Hatua ya 1: Amueni mnaandika kitu gani

Kikundi cha wachuuzi hakiwezi kuandika mkataba wa kimataifa. Mikataba hiyo husainiwa na serikali, na kwa Tanzania ile inayohitaji kuridhiwa hupelekwa bungeni, kwa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Mkiandika "nchi wanachama zitahakikisha" wakati waliokaa mezani ni kamati za masoko manne, mmeandika barua ya kuomba mkaiita mkataba.

Dawa yake ni kuigawa hati sehemu mbili tangu siku ya kwanza. Sehemu A ni haki tunazodaiana sisi tuliosaini. Sehemu B ni haki tunazozidai serikali zetu, kwa kutaja ibara ambazo serikali hizo zimekwisha kujifunga nazo.

Sehemu A huanza kufanya kazi siku ya saini. Sehemu B ni silaha ya kwenda nayo kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge au mahakamani. Ukizichanganya, ya kwanza inapoteza nguvu na ya pili inapoteza adabu.

Mtajua mmeelewana pale mjumbe yeyote atakapoweza kusema kwa sentensi moja hati inamfunga nani. Wasipoweza, msiende hatua ya pili.

Hatua ya 2: Pateni wajumbe, na kalamu ishikwe na mtu mmoja

Wajumbe 12 hadi 15 wanatosha. Kila upande wa mpaka uwe na idadi sawa, hata kama soko la Tunduma ni kubwa kuliko la jirani. Mkigawana viti kwa ukubwa wa soko, mdogo atakaa kimya kikaoni halafu atagoma kusaini.

Wanawake wasipungue nusu. Asubuhi moja ya kuzunguka Mwanjelwa au Kasumulu itakuonyesha ni nani anayeuza mchele, ndizi na dagaa.

Kalamu ni moja. Kila mtu anasema, lakini anayeandika maneno ya rasimu ni katibu mmoja akisaidiwa na mmoja kutoka kila nchi. Rasimu iliyoandikwa na kamati nzima utaijua kwa maneno yake: kila sentensi ina "pamoja na" tatu.

Tahadhari: wajumbe wanaovuka mpaka wawe na hati zao za kusafiria, na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji ijulishwe kuhusu kikao. Ulizeni uhamiaji mapema nini kinatakiwa. Niliwahi kuona kikao kizima kikisubiri wajumbe watatu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha mpakani tangu alfajiri.

Hatua ya 3: Kanuni za kikao zitangulie haki

Anzeni na saa. Sicheki. Tanzania iko mbele ya Zambia na Malawi kwa saa moja. Ukiita kikao "saa tatu asubuhi", mtu wa Tunduma anafika muda huo, wakati saa ya Nakonde bado inasoma saa mbili. Aliyetafsiriwa ujumbe kwa Kiingereza atakuja saa tisa kwa hesabu yake, ambayo kwetu ni saa nne. Na kuna bwana mmoja aliyetafsiriwa "saa tatu" neno kwa neno. Alifika alasiri, tumeshakunja viti. Andikeni kwenye mwaliko: "saa 3 asubuhi ya Tanzania (9:00 a.m.), saa 2 asubuhi ya Zambia na Malawi (8:00 a.m.)".

Halafu akidi. Itamkwe kwa namba na iandikwe kabla hamjajua nani anataka nini. Wazambia wana funzo zito hapa: kura ya maoni ya Agosti 2016 kuhusu kubadilisha sura ya haki za binadamu ilipata "ndiyo" kwa wingi mkubwa wa waliopiga kura, ila ikaanguka kwa sababu waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye sifa ya kupiga kura. Masharti ya akidi yanaweza kuizika hati inayopendwa. Kwa kikundi cha watu 15, napendekeza theluthi mbili ya wajumbe, na angalau wawili kutoka kila nchi.

Kuhusu kura, ushauri wangu ni huu: msipige kura ibara kwa ibara. Mkutano wa watu 62 ulioandika Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya kati ya Desemba 1999 na Oktoba 2000 ulikwenda kwa maafikiano badala ya kura. Sababu inaeleweka hata huku kwetu. Ibara ikipita kwa kura 8 dhidi ya 7, una watu saba watakaorudi nyumbani wakiwaambia wenzao kwamba mkataba si wao.

Badala ya kura tumieni mabano. Neno lisilokubaliwa linawekwa ndani ya mabano kwa kalamu nyekundu, na kikao kinasonga. Mabano hayafutwi mpaka upande ulioyaweka useme yafutwe. Kura ibaki kwa jambo moja: kuipitisha hati nzima mwishoni.

Msipange kikao siku ya gulio, wala wakati wa kuvuna mpunga. Kwa wanaotoka Kyela, epukeni Aprili kabisa. Mvua za huko mnazijua.

Hatua ya 4: Kusanyeni madai kutoka sokoni

Hapa ndipo wengi huruka. Wanafungua mkataba mkubwa na kuanza kunakili, kwa hiyo wanapata haki zilizo sahihi ambazo hakuna mtu kwenye soko lao anayezililia.

Wapeni wajumbe wiki mbili. Kila mmoja arudi na visa vitano vilivyotokea kweli, vimeandikwa hivi: nani, wapi, alifanyiwa nini, na nani. Kisa, siyo maoni. "Wanawake wananyanyaswa" ni maoni. "Mama muuza usipa alizuiliwa vikapu vinne na mgambo wa soko kuanzia asubuhi hadi samaki wakaharibika, hakuambiwa sababu" ni kisa.

Visa 60 vikishafika mezani, vipangeni kwa mafungu. Kwa uzoefu wangu wa nyanda hizi, mafungu huwa hayazidi saba: mali kuzuiliwa, kubaguliwa kwa sababu ya nchi, vipimo (hasa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo), usalama wa wanawake na mahali pa kulala, watoto kubebeshwa mizigo, ujira wa vibarua na madereva, na kukosa mahali pa kulalamika.

Hayo saba ndiyo sura za mkataba wenu. Mkataba wa ibara 12 unaojulikana sokoni una kazi kuliko wa ibara 54 uliofungiwa kabatini.

Hatua ya 5: Pitisheni kila haki kwenye maswali manne

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi. Itengeeni muda mrefu kuliko nyingine zote.

Chukueni fungu la kwanza, mali kuzuiliwa. Mtu wa kwanza ataandika hivi:

"Kila mfanyabiashara ana haki ya kuheshimiwa mali yake."

Sasa ulizeni:

1. Nani anadai?
2. Nani anadaiwa?
3. Anadaiwa nini hasa, na ndani ya muda gani?
4. Akinyimwa, anakwenda wapi?

Sentensi ile inajibu swali la kwanza tu, nalo nusu. Tuliikalia alasiri nzima, ikatoka hivi:

"Mfanyabiashara yeyote wa Tanzania, Zambia au Malawi ambaye mzigo wake umezuiwa na kamati ya soko iliyosaini mkataba huu ana haki ya kuelezwa sababu siku hiyohiyo, kwa lugha anayoielewa, na kupewa karatasi yenye tarehe na sababu. Asipopewa, anaweza kulalamika kwa kamati ya usuluhishi, nayo itamjibu ndani ya siku 7."

Tazama kilichobadilika. "Kila mfanyabiashara" imekuwa mtu anayeonekana. Mdaiwa ana jina: kamati ya soko. "Kuheshimiwa" kumegeuka kuwa vitendo viwili, kuelezwa na kupewa karatasi. Rasimu ya katikati ilisema "aelezwe mara moja". Mzee mmoja wa Nakonde akasema mara moja ya mwenye soko ni kesho, na mara moja ya mwenye samaki ni sasa hivi. Tukaandika "siku hiyohiyo".

Angalia pia neno la kwanza la kila ibara. "Mtu", "raia" na "mkazi" ni watu watatu tofauti. Ibara ya 17 ya Katiba ya Tanzania inampa raia uhuru wa kwenda atakako ndani ya nchi. Kifungu cha 39 cha Katiba ya Malawi kinazungumzia kila mtu. Kwenye hati ya kuvuka mpaka, neno "raia" likiingia kwa mazoea linamfuta jirani mliyemwandikia hati yenyewe.

Kuhusu lumbesa, ibara ilikuwa fupi na ilipita bila mabano hata moja: mkulima ana haki ya kupimiwa kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Kila mkulima wa viazi pale alikuwa ameshaumia.

Ukifaulu utaona hivi: msomee ibara mtu ambaye hakuwa kikaoni, kisha mwulize, "Ukinyimwa hiki utakwenda kwa nani?" Akijibu bila kufikiri, ibara imeiva. Akisema "kwa serikali", rudini swali la pili.

Hatua ya 6: Linganisheni Sehemu B na katiba tatu

Kwa kila dai mnalozielekezea serikali, andikeni pembeni ibara ya kila nchi. Ofisa atakayeipokea hati anaweza kubishana na nyinyi. Kubishana na katiba yake itamwia vigumu.

- Kutobaguliwa: Tanzania ibara ya 13, Zambia ibara ya 23, Malawi kifungu cha 20.
- Mali: Tanzania ibara ya 24, Zambia ibara ya 16, Malawi kifungu cha 28.
- Kukusanyika na kujiunga: Tanzania ibara ya 20, Zambia ibara ya 21, Malawi vifungu vya 32 na 38.

Msidanganyike kwamba namba zikiwepo haki ni zilezile. Ibara ya 23 ya Zambia inaacha nafasi kwa sheria kuwatendea tofauti wasio raia. Kwa hiyo dai la "usawa kamili kwa wafanyabiashara wa nchi zote" litagonga ukuta Nakonde, lakini dai la "utaratibu uleule na risiti ileile" linaweza kupita.

Elimu na afya nazo zina mtego wake. Katiba ya Tanzania inazigusa kwenye ibara ya 11, ila ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Malawi imeweka elimu (kifungu cha 25) na shughuli za kiuchumi (kifungu cha 29) ndani ya sura ya haki yenyewe. Wajumbe wa Malawi watasema "hii ni haki", wa Tanzania watasema "hii ni sera", na wote watakuwa sahihi kwa upande wao. Mkiligundua hili mapema mtaokoa siku nzima ya ugomvi.

Hatua ya 7: Andikeni mipaka ya haki bila kuimeza haki

Kila haki ina mpaka. Shida ni namna ya kuuandika.

Mkataba wa Afrika wa 1981 una ugonjwa ambao wanasheria wameulalamikia kwa miaka: haki inatolewa kwa mkono mmoja, kisha maneno kama "kwa mujibu wa sheria" au "mradi afuate sheria" yanaichukua kwa mkono wa pili. Sheria yoyote, hata mbovu, inatosha. Msirithi ugonjwa huo.

Kifungu cha 44 cha Katiba ya Malawi ni mfano bora. Kinataka mpaka uwekwe na sheria, uwe wa busara, ukubalike kwa viwango vya kimataifa vya haki za binadamu, na uwe wa lazima katika jamii ya kidemokrasia. Kwa hati ya kikundi, punguzeni iwe sentensi moja mwishoni mwa hati: haki inaweza kubanwa tu kwa kanuni iliyoandikwa, kwa sababu iliyotajwa, na isibanwe kupita kiasi kinachohitajika. Iandikwe mara moja. Ikirudiwa kwenye kila ibara, kila ibara inapata tundu.

Wazee watauliza kuhusu wajibu, na wana hoja. Mkataba wa Afrika una ibara tatu za wajibu, 27 hadi 29, na Katiba ya Tanzania nayo inao kuanzia ibara ya 25. Wapeni sura yao. Msikubali tu wajibu uwe tiketi ya kuingilia kwenye haki. "Mwanachama aliyelipa ada ana haki ya kutopigwa" ni sentensi niliyoikuta kwenye rasimu ya kweli, na aliyeiandika hakuona tatizo mpaka iliposomwa kwa sauti.

Hatua ya 8: Mjadala wa mabano

Rasimu ya kwanza kamili ikishatoka, msiisome tangu juu. Someni mabano tu.

Kwa kila bano, aliyeliweka aeleze hofu yake kabla hajaeleza pendekezo lake. Kwenye ibara ya mzigo kuzuiwa, rasimu ilikuwa na maneno "na jina la aliyezuia". Wenyeviti wa masoko waliyawekea mabano, na kwa vikao viwili ilionekana wanataka kuwaficha watu wao. Walipoulizwa hofu, mmoja akasema: "Ndugu katibu, mgambo wangu analala mtaa uleule na wachuuzi. Jina lake likiandikwa, nyumba yake inapigwa mawe." Tukaandika "namba ya kitambulisho cha aliyezuia". Bano likafutwa kwa dakika kumi.

Mabano mengine hayahusu haki kabisa. Kwenye utangulizi tulikuwa tumeandika "wakazi wa kando ya Ziwa Nyasa". Wamalawi walikataa, kwao ni Ziwa Malawi, na nyuma ya jina kuna mzozo wa mpaka unaorudi hadi mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890. Wajumbe wawili walikuwa tayari kuondoka. Suluhisho lilikuwa neno moja: "wakazi wa kando ya ziwa". Kila mtu aliyepo analijua ziwa. Hati ya haki za wauza samaki haina kazi ya kumaliza mpaka.

Msilazimishe bano lililogoma vikao vitatu. Kuna njia mbili. Mnaliondoa jambo hilo kwenye mkataba na kulipangia tarehe yake, au mnaruhusu upande mmoja usaini kwa angalizo: unataja ibara, unataja sababu, na angalizo linakwisha baada ya mwaka lisipohuishwa. Angalizo la "ibara zote zinazopingana na mila zetu" likataeni papo hapo. Halina mwisho wala mwanzo.

Dalili njema: kalamu nyekundu inapungua, na watu wanaanza kutetea maneno yaliyoletwa na upande mwingine.

Hatua ya 9: Tafsiri iwe sehemu ya kuandika

Kosa la kawaida ni kumaliza Kiswahili kisha kumpa mtu atafsiri usiku mmoja. Fanyeni ibara kwa ibara, kwa sababu tafsiri hufichua uvivu wa maneno.

Chukua "haki" yenyewe. Kwa Kiswahili neno hilo linabeba kile ninachodai na pia uadilifu wa hakimu. Kwa Kichewa unalazimika kuchagua: *ufulu* ni uhuru na haki ninayoidai, *chilungamo* ni uadilifu. Sentensi yetu "kila mchuuzi atendewe haki na apate haki zake" ilimfanya mtafsiri asimame na kuuliza: ipi ni ipi? Tulikuwa hatujui. Tuliiandika upya.

Kwa majirani wa karibu mambo ni mepesi. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana, na Kinamwanga kinazungumzwa Tunduma na Nakonde vilevile. Tumieni lugha hizo kwenye mjadala. Hati iandikwe kwa Kiswahili, Kichewa, Kibemba na Kiingereza, na mtaje ni lugha ipi itakayofuatwa zikitofautiana. Mkisema "zote zina nguvu sawa" bila kutaja njia ya kusuluhisha, mmepanda ugomvi wa mwakani.

Jaribio: mtu wa tatu aitafsiri ibara ya Kichewa kurudi Kiswahili bila kuona ya mwanzo. Mdaiwa akibadilika au muda ukipotea, rudini.

Hatua ya 10: Isomwe sokoni, isainiwe, iwe na mlango wa kutokea

Kabla ya saini, kila ujumbe uisome hati mbele ya wanachama wake. Wapeni wiki tatu. Marekebisho yarudi kwa maandishi, na yawe ya maneno, siyo ya hisia: "ibara ya 4, badala ya siku 7 iwe siku 5".

Hati iwe na ibara ya kujitoa. Wengi huona ni nuksi kuandika talaka siku ya harusi, lakini tazama kilichotokea juu zaidi. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha. Uamuzi ulianza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, na kesi zilizokwisha kufunguliwa ziliendelea. Mwaka ule mmoja ulikuwa ngao ya watu. Kwenye hati yenu andikeni vivyo hivyo: anayejitoa atoe taarifa ya miezi kadhaa, na malalamiko yaliyokwisha kupokelewa yamalizwe.

Sainini nakala nne za karatasi, moja kila upande na moja kwa katibu. Picha ya simu siyo nakala.

Hatua ya 11: Ijaribuni hati kwa lalamiko dogo mwezi wa kwanza

Msisubiri kesi kubwa. Tafuteni lalamiko dogo na mlipitishe njia nzima, kutoka sokoni mpaka kamati ya usuluhishi, huku katibu akiandika kila siku kilichotokea kwenye kaunta buku.

La kwanza kwetu lilikuwa la vikapu viwili vya usipa. Karatasi aliyopewa mama yule ilikuwa imeandikwa nyuma ya risiti ya ushuru, na tarehe ilikuwa imekosewa. Lakini sababu ilikuwepo, namba ya aliyezuia ilikuwepo, na siku ya tano akajibiwa. Kikao kilichofuata tulibadilisha neno moja kwenye ibara ile, "karatasi" ikawa "fomu". Tukachapa fomu 200 steshenari, tukazigawa kwenye masoko yote manne.